Barakoa na Ndevu za Msiba

"Inanipuliza machoni," Velibor alisema, akaing'oa barakoa usoni na kuitupa juu ya blanketi. Hewa ikaendelea kutoka, ikipuliza ukuta.

Dobrinka, mkewe, aliizima mashine akaketi ukingoni mwa kitanda. Akamkumbusha mambo yaleyale waliyoonyeshwa na muuguzi hospitalini: lala kwanza, washa hewa, kisha vuta mikanda taratibu, kushoto na kulia kwa pamoja, usikaze kama unayefunga mzigo wa kuni. Velibor akalala chali, mikono kifuani. Hewa ikaingia puani vizuri tu, halafu ikatoroka kwa chini, pale mpira laini wa barakoa ulipokutana na ndevu, ikapiga mluzi. Dobrinka akavuta mkanda mmoja. Mluzi ukahamia upande wa pili. Akavuta na huo, mpaka mpira ukamkandamiza mumewe juu ya pua, na hewa ikapanda moja kwa moja jichoni.

"Umeona?"

"Ni ndevu, Velibor."

"Najua ni ndevu. Sasa unataka nifanyeje?"

Alichotaka afanye hakikuwa cha kusema kwa sauti, maana katika chumba cha pili alilala mama mkwe, Stamena, ambaye majuzi tu alimzika mwanawe mkubwa, Radisav, aliyeangukiwa na mti msituni. Suvi Laz ni kijiji kidogo, na watu wake wameacha mengi ya zamani, hata kanisani hawaonekani ila sikukuu. Lakini mwanamume aliyefiwa na ndugu yake hashiki wembe mpaka arobaini ipite. Hilo hata walevi wa kilabuni wanalishika. Anayenyoa mapema, watu humwangalia kama aliyemvua marehemu viatu.

Ingekuwa ndevu tu, wangesubiri. Lakini Velibor alikuwa dereva wa basi la wafanyakazi wa kiwanda cha nyaya, wanawake watupu kutoka vijiji vya mlimani, na kila alfajiri alipita nao korongoni, barabara nyembamba juu ya mto. Theluji ilipoanza kuyeyuka alisinzia kwenye usukani, basi likakwaruza kingo za chuma na kusimama. Hakuumia mtu. Kampuni ikamnyang'anya ufunguo na kumpeleka kwa daktari wa usingizi, naye akagundua kwamba Velibor akilala huacha kupumua, tena na tena, usiku kucha, ndiyo maana mchana husinzia hata akiwa amesimama. Dawa yake ikawa mashine hii ya kumsukumia hewa. Mashine ilikuwa na kumbukumbu iliyoandika muda wote ilipovaliwa. Baada ya mwezi daktari angeisoma, na kama mgonjwa ameivaa vya kutosha angeandika kwamba anafaa kurudi barabarani. Ratko, msimamizi wa gereji, aliahidi kumshikia basi mpaka siku hiyo. Ikipita, angempa basi dereva mwingine. Na siku hiyo ilikuwa inaangukia kabla ya arobaini.

Dobrinka aliiweka barakoa kwenye ndoano yake. Mumewe alikuwa ameshalala, na alikuwa ameshaanza kukabwa.

*

Asubuhi jiko zima lilinuka pombe. Stamena, kitambaa cheusi kichwani, alikuwa ameipakata barakoa anaifuta kwa pamba iliyolowa rakija, ile pombe kali ya plamu ambayo katika nyumba ile hutibu kila kitu, kuanzia homa mpaka goti.

"Mama, hiyo haifutwi hivyo," Dobrinka alisema. "Maji ya vuguvugu na sabuni laini, basi, halafu inaanikwa kivulini. Pombe itaukausha mpira."

"Sabuni inaua nini? Hii ndiyo inaua. Huyu mumeo nilimfuta nayo kitovu alipozaliwa, na yuko hai."

"Muuguzi alisema..."

"Huyo muuguzi amezaa wangapi?" Stamena aliigeuzageuza barakoa mkononi. "Mimi kuna jambo moja tu silielewi. Maisha yangu yote nimekimbizana na madirisha ili upepo wa kupita usimpige mtoto huyu. Ukifungua mlango, funga dirisha. Ukiosha nywele, jifunge kichwa. Leo nakuta amejifunga upepo usoni, kwa mikanda, na mnaniambia ni dawa."

Velibor, aliyekuwa ameegemeza shavu mezani mbele ya kahawa yake, alicheka bila kufumbua macho. "Huu ni upepo wa serikali, mama. Haudhuru."

Stamena hakucheka. "Radisav naye alikuwa anakoroma," alisema. "Nilikuwa namsikia mpaka zizini." Akajifuta macho kwa pamba ileile, pombe ikamuunguza, akapata kisingizio cha kulia. Dobrinka aliichukua barakoa mkononi mwake taratibu na kwenda kuiosha upya kwa sabuni. Angeweza kugomba, lakini nani agombane na mama aliyezika?

*

Alimpigia muuguzi Vesna simu akiwa nyuma ya banda la kuku, asisikike.

"Anyoe," Vesna alisema. "Ile barakoa haishikani na ndevu."

"Tumefiwa, dada."

"Poleni sana. Ila anyoe."

"Ni kaka yake. Kwetu hawezi."

"Najua, hata kwetu hivyohivyo. Kuna aina nyingine, ndogo, inakaa kwenye matundu ya pua tu. Hiyo haina habari na ndevu."

Dobrinka akadakia: "Basi tupeni hiyo!"

"Bima hailipi hiyo, mama. Bima inalipa hii mliyopewa, moja kwa mwaka. Hiyo nyingine mnajinunulia." Akataja bei. Dobrinka hakuuliza mara mbili. Fedha yote ya jibini waliyouza miezi ile ilikwenda kwenye jeneza na maakuli ya msiba.

"Tusogezeeni siku, basi. Kidogo tu, arobaini ipite."

"Nafasi inayofuata ni majira ya theluji yajayo. Nikikusogezea wewe, wangapi wengine nitawasogezea? Hapa kila mtu kafiwa na mtu."

Hakusema kwa ubaya. Alisema kama muuza mkate anayekwambia mkate umekwisha. Dobrinka alishukuru, akaomba radhi kwa usumbufu, na baada ya kukata simu akajiuliza ameomba radhi ya nini.

Jioni ile alimfuata Stamena bustanini, akachuchumaa naye katikati ya vitunguu, akamweleza yote: daktari, kumbukumbu ya mashine, Ratko, basi, ndevu. Aliapa moyoni kwamba hatapandisha sauti, na hakupandisha.

Stamena aling'oa magugu muda mrefu. "Radisav hakuwa na mke," alisema mwishowe. "Hakuacha mtoto. Hakuna wa kumvalia nyeusi ila mimi kikongwe, na mimi nyeusi nilianza kuvaa tangu baba yao afe, nani atajua ni ya nani? Zile ndevu za mdogo wake ndizo kilio chake mbele ya watu. Hana kingine."

"Najua, mama. Lakini basi likichukuliwa, tutakula nini?"

"Mwambie anyoe. Ni mtu mzima, simzuii. Ila siku ya arobaini asije kaburini. Nitawaambia watu anaumwa."

Alisema bila hasira, na hilo ndilo lililomkata Dobrinka maini. Angepigiwa kelele angejua la kujibu. Aliyapeleka maneno yale kwa Velibor kama yalivyo. Velibor akajishika kidevu, kisha akasema hanyoi.

"Hata wewe usingenitazama usoni," alisema.

"Ningekutazama vizuri sana. Ungekuwa na kazi."

"Basi ivae wewe. Mashine haina macho, itajuaje imemvaa nani?"

Wakacheka wote wawili, kicheko cha kwanza tangu mazishi, Dobrinka mpaka akashika mbavu. Kisha Velibor akaacha kucheka. Dobrinka naye akaacha. Wote wawili wakageuka kuitazama mashine.

*

Tuseme ukweli: hospitali ile haikuwahi kuwa na mgonjwa mwema kama Dobrinka. Kila jioni aliosha uso kwanza, pasibaki mafuta ya kuutelezesha mpira. Alibadilisha maji ya kwenye kikasha, yale yasiyo na chokaa ya duka la dawa, hakuongezea juu ya ya jana. Chujio alilikung'uta. Bomba la hewa alilipitisha juu ya ubao wa kitanda lisimvute akigeuka, na mikanda aliilegeza mpaka kidole kiliweza kupita chini yake. Alikuwa amegundua kuwa barakoa hukaa vizuri zaidi ukiacha kushindana nayo. Hewa iliingia laini, yenye uvuguvugu kidogo. Alilala usingizi ambao hakuwa ameulala tangu aolewe, na akaona haya kwa sababu yake.

Velibor alihamia kwenye kochi la jikoni. Kupitia ukutani Dobrinka alimsikia akikoroma, kisha mkoromo ukakatika. Kimya. Dobrinka akatoa macho gizani, hewa ya mumewe inamwingia yeye puani, anangoja. Kisha Velibor akaibuka kwa kishindo, akavuta pumzi kwa sauti ya mtu aliyetolewa majini, akaanza upya. Siku za mwanzo Dobrinka aliinuka kwenda kumgeuza ubavu. Lakini kila alipoivua barakoa mashine iliandika kwamba imevuliwa, na muda ulikuwa unahitajika. Akaanza kubaki kitandani. Baadaye akazoea, na hilo la kuzoea ndilo lililomtisha alipokuja kulifikiria.

Asubuhi moja Stamena aliingia bila kubisha, akamkuta amelala na barakoa usoni. Dobrinka akaivua haraka.

"Kumbe sasa mgonjwa ni wewe?"

"Naijaribu tu, mama."

Stamena alimwangalia. Akazunguka kitanda, akalifunga dirisha lililokuwa wazi nyuma ya kichwa cha mkwewe, upepo usije ukampiga, akatoka.

*

Daktari Olivera alichomeka kadi ya mashine kwenye kompyuta, akashusha miwani, na uso wake ukachangamka.

"Bwana Velibor! Laiti wagonjwa wangu wote wangekuwa kama wewe. Hata usiku mmoja hukuruka. Hewa haivuji. Na pumzi, tazama hapa, haikatiki kabisa. Sijawahi kuona mwili ukaitikia hivi."

"Ahsante, daktari," Velibor alisema, akafunika mwayo kwa kiganja.

"Unaamka na nguvu?"

"Kama mtoto."

Muuguzi Vesna alikuwa amesimama karibu na mlango, faili kifuani. Alizitazama zile ndevu, nyeusi, nene, zilizofika mpaka kwenye mashavu. "Na hizi hazikuleta shida?"

"Mke wangu hunifunga vizuri."

Vesna akahamisha macho kwa Dobrinka, kwenye mistari miwili ya mikanda iliyokuwa haijamtoka mashavuni. Dobrinka akainua mkono kuirekebisha skafu.

"Ni mto wa kulalia," alisema, ingawa hakuna aliyeuliza.

"Mito ya siku hizi," Vesna akasema, akageuka kupanga mafaili yake. Sikioni mwa Dobrinka maneno yale yalikuwa mazito kuliko matusi.

"Ila jambo moja," daktari aliendelea, akibonyezabonyeza. "Nguvu ya hewa niliyokuwekea ilikuwa kubwa mno. Kwa pumzi nzuri namna hii huihitaji. Nimeipunguza. Utastarehe zaidi."

Hili hawakuwa wamelifikiria. Dobrinka alifungua mdomo. Mashine ilikuwa imepimwa upya kwa mapafu yake yeye, mapafu mazima, na akisema neno moja kila kitu kitafutwa: sahihi, basi, labda na mashine yenyewe irudishwe, na jina la mumewe libaki hapo limeandikwa mwongo. Akisema. Chini ya meza Velibor alimkanyaga mguu, si kwa nguvu. Daktari alitia sahihi, akagonga muhuri, akawatakia safari njema.

Walipofika kituoni Velibor alimnunulia pai ya jibini, akamkumbatia mbele ya watu, akasema, "Umeniokoa, mke wangu." Dobrinka alikula pai yote. Ilikuwa ya moto, na alikuwa na njaa.

*

Arobaini ilisomwa kaburini kwa mishumaa, na ngano ya kuchemshwa na sukari, na bilauri ya rakija iliyomwagwa udongoni kwa ajili ya Radisav. Stamena alisimama wima, ameshika mkono wa mwanawe mwenye ndevu, na watu wakaja mmoja mmoja wakamwambia Radisav ameliliwa vizuri. Siku ile alikula, jambo ambalo hakuwa amelifanya mbele ya watu tangu mazishi.

Velibor alikuwa ameshakaa kwenye basi tangu mwanzo wa wiki ile. Jioni akirudi aliwahadithia. "Leo nimefika getini," alisema akikoroga supu, "na kulipita korongo sikumbuki." Akacheka. Stamena naye akacheka, akidhani ni sifa ya barabara kuzoeleka. Dobrinka alishika kijiko hakukitumia.

Siku iliyofuata arobaini Velibor alinyoa. Kidevu kilitokea cheupe, kama cha mtu mwingine. "Lete kitu chako," alimwambia mkewe akiwa ameketi kitandani, na Dobrinka akaenda kuichukua barakoa akiwa na matumaini yake yote.

Hakuwa ameigusa tangu waende kwa daktari, na aliijua kwa vidole kabla ya kuiona. Ule ulaini haukuwapo tena. Kingo zilikuwa ngumu, zimegeuka manjano, na pale mpira unapokunjwa kufuata pua palikuwa na ufa. Mwezi ule mzima, kila asubuhi, yeye aliiosha kwa sabuni, akaianika, akaenda kukamua ng'ombe. Na kila asubuhi, yeye akiwa zizini, Stamena aliipitia kwa rakija, hata baada ya yeye kuacha kuivaa.

"Nilikwambia, mama!" Sauti ilimtoka safari hii. "Nilikwambia siku ya kwanza!"

"Lakini mlikuwa mnaivaa wawili," Stamena alisema, ameshtuka. "Nilikuona wewe umeivaa. Nikasema, huyu akiivua, mumewe ataivaa. Sikutaka muambukizane."

Uongo ulikuwa wa Dobrinka mwenyewe. Waliuziba ule ufa kwa plasta. Velibor akajifunga, akalala, na Dobrinka akaketi kumtazama. Hewa ilikuja dhaifu, hewa ya kumtosha mwanamke mwenye afya. Kifua cha Velibor kikapanda, mdomo ukahangaika, koo likajaribu, na hakikuingia kitu. Mashine ikaendelea kuunguruma polepole, imeridhika na kazi yake. Dobrinka akaivua barakoa yeye mwenyewe, akamgeuza mumewe ubavu, akaketi hapo mpaka saa ilipolia.

"Tukaseme," alimwambia Velibor aliyekuwa anafunga viatu.

"Tukaseme nini? Kwamba tuliwadanganya?" Velibor hakumtazama. "Nani atanipa basi tena hapa? Nina miaka mingapi ya kujifunza kazi nyingine? Na wewe ulisaini pamoja nami, hata kama hukushika kalamu. Nitakunywa kahawa nyingi. Madereva wote wanakunywa kahawa."

Alichukua koti. Dobrinka akachukua lake.

"Wewe unakwenda wapi?"

"Naenda na wewe."

*

Wanawake wa kiwandani walianza kumzoea baada ya siku chache. Alikaa kiti cha mbele kabisa, nyuma ya dereva, hana anachokwenda kufanya mjini; basi likifika getini yeye hubaki kwenye baridi mpaka Velibor aligeuze warudi. Mwanzoni walidhani anakwenda hospitali. Kisha Milunka, mwanamke mwenye sauti kubwa anayepandia kijiji cha pili, akapata maelezo yaliyowafaa wote.

"Anamlinda mumewe!" alitangaza. "Tangu anyoe ndevu amekuwa kijana. Dobrinka, usihofu, shoga, hapa hakuna anayemtaka. Sisi tumechoka hata na wa kwetu!"

Basi zima likaangua kicheko. Dobrinka akageuka, akacheka nao, akasema, "Nyie nawajua, siwaachii hata kidogo," na wakafurahi zaidi. Mashavu yalimuwaka moto. Umri ule, kuitwa mwenye wivu mbele ya mabinti! Lakini afadhali wivu. Wivu hauna kesi.

Basi likaingia korongoni. Nje kulikuwa bado na giza, na kushoto kingo za chuma zilipita moja baada ya nyingine, na chini yake mto. Nyuma walikuwa wameanza kusinzia, kichwa kwa bega, bega kwa dirisha. Wao walikuwa na haki ya kusinzia.

"Velibor," Dobrinka alisema. "Viazi tuviweke wapi mwaka huu?"

"Palepale."

"Palepale pamechoka. Tuviweke upande wa mtini?"

"Sawa."

"Na ile tumbaku ya mama, bado anataka kuipanda?"

"Ndiyo."

"Ng'ombe hali tangu juzi. Nimwite daktari wa mifugo, au tungoje?"

Velibor hakujibu.

"Velibor. Nimekuuliza. Nimwite?"

Kichwa chake kilikuwa wima, mikono yake kwenye usukani, kama dereva yeyote. Dobrinka aliinuka nusu, akapeleka mkono juu ya kiti, akamfinya shingoni kwa kucha, kwa nguvu zake zote. Velibor akashtuka, basi likayumba kuelekea mtoni, likarudi. Nyuma wakaamka kwa mayowe.

"Ewe mwanamke!" Milunka alipiga kelele. "Mwache mwenzio aendeshe gari! Hayo ya chumbani si mngeyamaliza chumbani?"

Wakacheka tena, kwa sauti kubwa kuliko mara ya kwanza, vile watu wanavyocheka wakishavuka hatari wasiyoijua. Dobrinka naye akacheka. Mkono wake ukabaki shingoni mwa mumewe, kucha zikiwa zimezama nyamani, na barabara ilikuwa bado ndefu, na kesho ilikuwa siku ya kazi.